Misitu ya Kaya: Mwiko Uliohifadhi Miti

Msafiri apitaye pwani ya Kenya, kutoka Kwale hadi Kilifi, huona juu ya vilima, katikati ya mashamba ya mahindi na minazi, misitu midogo ya miti mirefu iliyosongamana. Hiyo ndiyo misitu ya kaya ya Wamijikenda. Ardhi iliyoizunguka ilikwisha kufyekwa zamani. Mbona miti hii imesalia? Jibu halipatikani katika udongo peke yake.

Mapokeo ya wazee husimulia kwamba Wamijikenda walihama Shungwaya, upande wa kaskazini, wakikimbia maadui. Tangu karne ya 16 walijenga vijiji vyao ndani ya misitu, na msitu ukawa ngome yao. Humo lilizikwa fingo, yaani hirizi ya kuilinda jamii nzima. Kufikia miaka ya 1940 vijiji hivyo vilikuwa vimehamwa. Lakini makaburi ya wahenga yalibaki, na wazee waliendelea kurudi kuomba mvua. Makazi yakageuka mahali patakatifu.

Heshima hiyo ililindwa kwa miiko. Kukata mti ni marufuku, na kuchunga mifugo vilevile. Katika kaya nyingi hata ukuni mkavu hautolewi nje. Avunjaye mwiko hutozwa mbuzi au kuku wa tambiko.

Tuitazame kazi ya miiko hiyo kisayansi. Ukuni ulioachwa huliwa na kuvu na mchwa, na virutubishi vyake hurudi udongoni. Mifugo isipoingia, miche huota na kushika nafasi ya mivule na mibambakofi iliyozeeka. Majani yakifunika ardhi, jua haliikaushi. Hivyo mimea mingi adimu ya pwani imepata kimbilio katika kaya.

Hata hivyo kimbilio hilo ni dogo. Kaya zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008 zimetawanyika kwa kilomita 200 hivi, na kila moja ina hekta 30 hadi 300 tu. Msitu mdogo ukimegwa pembeni, jua na upepo hupenya hadi ndani. Serikali ya Kenya ilianza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa mwaka 1992. Mwaka 2009 UNESCO iliziorodhesha mila za kaya miongoni mwa zile zinazohitaji kunusuriwa haraka. Sheria huhitaji askari. Mwiko ulilinda usiku na mchana bila askari, maadamu vijana walifundishwa sababu yake.

Shule iliyo karibu na makaburi ya kale au mti wa tambiko yaweza kuchunguza jambo hili. Ombeni kwanza ruhusa ya wazee. Pimeni joto la udongo kivulini na shambani kwa saa ile ile, kisha mhesabu aina za miche katika mita moja ya mraba. Daftari liwe na safu mbili: yaliyopimwa, na yaliyosimuliwa na wazee. Safu ya kwanza itaonyesha jinsi miti inavyoishi. Ya pili itaeleza kwa nini haikukatwa.