Tembe za fisetini: Ahadi ya ujana ambayo bado haijathibitishwa

MATANGAZO ya tembe za fisetini, zinazodaiwa kuchelewesha uzee, yamezagaa katika intaneti. Fisetini ni flavonoidi, yaani mojawapo ya kemikali ambazo mimea hujitengenezea. Hupatikana katika stroberi, tufaha na hata vitunguu.

Madai hayo hayakuzuka hewani. Seli ya mwili ikidhurika, huweza kukoma kugawanyika bila kufa. Hubaki pale ikitoa kemikali zinazowasha na kuzidhuru seli jirani. Kadiri umri unavyosonga ndivyo seli hizi chakavu zinavyorundikana, na wanasayansi wanazihusisha na maradhi mengi ya uzeeni. Mnamo 2018, watafiti wa Marekani, wakiwemo wa Mayo Clinic na Chuo Kikuu cha Minnesota, walilinganisha flavonoidi 10 wakabaini kuwa fisetini ndiyo iliyoziangamiza vyema zaidi. Panya waliopewa fisetini wakiwa tayari wakongwe waliishi muda mrefu kuliko wenzao.

Huo ndio utafiti ambao wauzaji hupenda kuutaja. Uliofuata hawautaji sana. Mpango wa serikali ya Marekani unaochunguza dawa za kurefusha maisha, ambao hufanya kila jaribio katika maabara tatu tofauti, nao uliwalisha panya fisetini. Matokeo yaliyochapishwa mwishoni mwa 2023 yalionyesha kwamba haikurefusha maisha ya madume wala ya majike.

Je, mbona tusile stroberi tu? Gramu moja ya tunda hilo ina takriban mikrogramu 160 za fisetini. Baadhi ya majaribio kwa binadamu hutumia miligramu 20 kwa kila kilo ya uzani wa mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60 angehitaji miligramu 1,200, sawa na kilo saba na nusu za stroberi kwa siku moja! Isitoshe, fisetini ikishamezwa, mwili huibadilisha upesi, na ni kiasi kidogo tu kinachosalia katika umbo lake la asili.

Kufikia sasa hakuna jaribio lililothibitisha kuwa tembe hizi humwongezea binadamu maisha. Zaidi ya hayo, sheria ya Marekani ya 1994 haimlazimu mtengenezaji wa bidhaa kama hizi kuthibitisha kwamba zinafanya kazi kabla ya kuziuza.

Mzee anayetumia dawa za kisukari, shinikizo la damu au za kuzuia damu kuganda amweleze daktari wake kabla ya kuzinunua.