Kidonge na Adhana

Mwaka 2012 watafiti wa Kilifi, jirani wa kaskazini wa Mombasa yetu, walitangaza walichokikuta walipopima damu za watu wenye kifafa: asilimia 62 hawakuonekana kuwa na dawa mwilini. Waliokaa zaidi ya kilomita 30 kutoka kituo cha afya walikuwa hatarini zaidi, na hata kulipia dawa kulikuwa kikwazo. Baadaye wagonjwa walipewa mafunzo. Matokeo ya mwaka 2014 yakaonyesha kuwa imani potofu zimepungua, ila umezaji wa dawa haukubadilika vya kutajika.

Hayo ndiyo yanayonishughulisha nikiwatazama vijana wa Mji wa Kale. Kwao umbali si hoja, maana hospitali kuu ya Makadara imo kisiwani humu humu. Na kuhusu kifafa wanajua mengi kuliko bibi zao.

Mchukue mvulana wa Kibokoni, mwanafunzi wa sekondari. Utotoni mamake alimpa kidonge pamoja na chai. Sasa ndevu zinaota na hataki kuulizwaulizwa. Miezi imepita hajaanguka, basi anajiona kapona, kumbe ni dawa inayomshikilia. Kabamazepini, kwa aliyeizoea, hupungua kwa nusu mwilini katika saa 12 hadi 17 hivi. Ndiyo maana humezwa asubuhi na jioni. Fenobabitali, inayotibu kifafa tangu 1912, hukaa siku kadhaa, na wengi huimeza mara moja tu, usiku. Lakini ukiiacha ghafla, degedege laweza kukurudia mfululizo. Na msichana anayeona fizi zikimvimba kwa fenitoini hahitaji mawaidha. Ahitaji daktari wa kumbadilishia dawa.

Ninavyoona mimi, kinachokosekana ni pa kukitundika kile kidonge. Mjini humu papo: adhana. London adhana ya magharibi huhama kwa zaidi ya saa tano kati ya Disemba na Juni. Mombasa, karibu na ikweta, haihami hata saa moja mwaka mzima. Kidonge kimoja baada ya alfajiri, cha pili baada ya magharibi, na pakiti ikae kando ya mswaki, si kabatini kwa mama. Mama ahesabu vilivyobaki Ijumaa, bila kelele.

Ramadhani nayo? Kutoka daku hadi futari ni kama saa 13 na nusu, kwa hiyo dawa ya mara mbili yaweza kuingia, daktari akiridhia. Ya mara tatu haiingii, na mgonjwa anayo ruhusa ya kula. Ninachokihofia zaidi ni kukesha barazani mpaka daku, kwani kukosa usingizi peke yake kwaweza kuleta kifafa hata kwa aliyemeza dawa.

Akisahau, ameze mara akumbukapo. Ikiwa wakati wa kidonge kinachofuata umekaribia, aache kile cha kwanza. Asimeze viwili kufidia.