Kabureta Iliyolika: Itengenezwe Kabla ya Kutupwa

Nathenje ni mji mdogo wa biashara ulio kusini mwa Lilongwe, kando ya barabara kuu iendayo Dedza na Blantyre. Katika sehemu hizi za Afrika magari ya zamani hayajatoweka kabisa, hasa Land Rover za petroli za Series II na Series III, ambazo majeshi na polisi wa nchi nyingi walizitumia kwa miaka mingi.

Mwenye gari la namna hiyo huyajua vema maradhi yake. Asubuhi injini huwaka kwa shida. Ikisha kuwaka hutetemeka, na dereva akiondoa mguu kwenye ekseleta huzimika. Fundi wa kwanza hubadilisha plagi. Wa pili humnunulisha seti ya vipuri vya kabureta. Baada ya siku chache maradhi ni yale yale, na fedha za matumizi ya nyumbani zimekwisha. Hapo ndipo hutolewa shauri la kuitupa kabureta na kununua nyingine. Mara nyingi shauri hilo ni la haraka. Kabureta nyingi kuukuu hazijafa, bali zimelika mahali ambapo seti ya vipuri haina dawa yake.

KAZI YA KABURETA

Yafaa kwanza kuelewa kazi ya chombo hiki. Injini ya petroli huhitaji takriban kilo 15 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Hewa ikivutwa na injini hupita katika koo jembamba la kabureta. Mwendo wake huongezeka, nguvu ya msukumo wake hupungua, na petroli hufyonzwa kupitia vitundu vidogo vya shaba viitwavyo jeti. Boya huelea katika chemba ya petroli na kuifunga sindano pindi kina kikitosha, kama lilivyo boya la tangi la maji. Chini ya koo kuna kisahani kiitwacho kipepeo, kilichofungwa juu ya shafti nyembamba. Dereva akikanyaga ekseleta, shafti huzunguka na kipepeo hufunguka.

MAHALI PALIPOLIKA

Shafti hiyo ndiyo chanzo cha matatizo mengi. Huzunguka mara elfu nyingi ndani ya matundu yaliyotobolewa katika madini laini ya zinki au alumini, huku springi ikiivuta upande mmoja na vumbi likiisaga. Baada ya miaka mingi matundu hupanuka, na hewa isiyopimwa hupenya kando ya shafti. Gari likienda kasi hewa hiyo haina madhara makubwa. Lakini injini ikiwa katika mwendo wa chini, ambao mafundi huuita sailensa, hewa inayotakiwa ni kidogo sana, na tundu dogo latosha kuharibu mchanganyiko wote. Dereva hukaza skrubu ya sailensa ili injini isizimike. Kwa kufanya hivyo huficha ugonjwa na kuongeza matumizi ya petroli.

Kipimo chake hakihitaji chombo chochote. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, shikilia ncha ya shafti na uitikise juu na chini. Mcheko mdogo sana ni wa kawaida. Ikiwa shafti inacheza hata jicho linaona, hakuna jeti mpya wala gasketi mpya itakayoiponya. Hapana budi apelekewe fundi wa kuchonga vyuma, atanue matundu na kuweka bushi za shaba. Matundu yote mawili lazima yanyooke katika mstari mmoja. Yakipindana, shafti hukwama, na kipepeo kilichokwama wazi chaweza kuua watu barabarani.

Ugonjwa wa pili ni uso uliopinda. Kabureta ya Zenith 36IV, iliyofungwa katika Land Rover nyingi, hujulikana kwa kifuniko chake kupinda kutokana na joto na kukazwa mno. Fundi huweka rula yenye ukingo mnyoofu juu ya uso na kutazama kama mwanga unapita. Uso uliopinda kidogo husawazishwa kwa msasa laini uliotandazwa juu ya kipande cha kioo, kwa mkono mwepesi. Pete ya mpira iliyomo ndani nayo ibadilishwe, kwani ikichakaa petroli hupita kupita kiasi.

Ugonjwa wa tatu ni boya lililotoboka. Lichovye katika maji ya moto: likitoa viputo, lina tundu. Boya la shaba laweza kulehemiwa, lakini kwanza petroli yote iliyomo ndani itoke na ikauke kabisa, kwa kuwa mvuke wake hulipuka. Lehemu iwe kidogo. Boya likiwa zito huzama, na kina cha petroli hupanda.

PETROLI YA MALAWI

Tangu mwaka 1982 Malawi imekuwa ikichanganya petroli na ethanoli, yaani kileo kinachotengenezwa kwa molasi ya miwa, kwanza huko Dwangwa. Kwa nchi isiyo na bahari, mpango huo ulikuwa na maana kubwa. Hata hivyo, kabureta za zamani hazikubuniwa kwa ethanoli. Kileo hiki hufyonza unyevu, huharibu mipira ya kale na kulainisha uchafu uliogandamana katika tangi, ambao huteremka na kuziba jeti. Gari likisimama kwa wiki nyingi wakati wa masika, maji hujitenga chini ya chemba na kuacha unga mweupe wa kutu ya zinki.

Ethanoli pia huhitaji hewa pungufu kuliko petroli. Hivyo kabureta iliyopimwa kwa petroli tupu hutoa mchanganyiko wenye hewa nyingi mno. Lakini Lilongwe iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 10, jambo linalovuta mchanganyiko upande wa pili. Kwa hiyo fundi asikimbilie kupanua jeti. Gari linaloungurama vema Nathenje laweza kukohoa likiteremka Salima, karibu na ziwa, bila ya kuwa na kasoro mpya.

USAFI NA USALAMA

Askari aliyezoea kufungua silaha yake na kupanga vipande kwa taratibu anao tayari ufundi wa kwanza. Kabureta ifunguliwe juu ya kitambaa safi, na kila skrubu ikumbukwe mahali pake. Jeti zisafishwe kwa hewa ya pampu, kamwe zisichokolewe kwa waya, kwa maana kukwaruza kidogo hubadilisha kipimo chake.

Kazi hii isifanyike jikoni wala karibu na jiko la mkaa. Kumimina petroli katika koo la kabureta ili injini iwake kumewaunguza wengi. Ndoo ya mchanga iwe karibu. Petroli isiwekwe katika chupa ya soda ambayo mtoto aweza kuidhania kinywaji, wala isivutwe kwa mdomo kwa mpira. Aliyeimeza asitapishwe, kwani ikiingia mapafuni huwa hatari zaidi. Apelekwe hospitali mara moja.

Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994 huko Dowa, kaskazini mwa Lilongwe, Kiswahili ni lugha ya wengi waliotoka Kongo na Burundi. Huko, kama Nathenje, shilingi au kwacha iliyookolewa ni chakula cha watoto. Maarifa haya yanafaa pia kwa jenereta na pampu ndogo za maji, ambazo nazo zina kabureta.

Ni kweli kwamba mwili uliopasuka, au koo lililoliwa na kutu, halina matengenezo. Lakini kabla ya kutoa hukumu hiyo, shafti itikiswe, uso upimwe na boya lichovywe. Kazi hizo tatu hazigharimu kitu, nazo ndizo zitakazomwambia mwenye gari kama anayo haja ya kununua.