Pamba Hai ya Magharibi ya Ngorongoro

Nyanda za juu za Karatu na Ngorongoro si nchi ya pamba. Mji wa Karatu uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta unapita mita 2,200. Pamba ni zao la joto. Penye baridi miche hudumaa na vitumba huchelewa kupasuka. Ndiyo maana wakulima wa Karatu hushika ngano, mahindi, mbaazi na kahawa, na kule Mang'ola vitunguu vya umwagiliaji. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro kilimo kilipigwa marufuku tena mwaka 2009.

Magharibi ya nyanda hizo, ng'ambo ya Ziwa Eyasi na Pori la Akiba la Maswa, mambo hubadilika. Huko iko Wilaya ya Meatu, mkoani Simiyu, yenye joto, mvua za kubahatisha na mbuga za udongo mweusi. Wasukuma wa eneo hili wamelima pamba kwa vizazi. Mwaka 1994 kampuni ya Remei ya Uswisi ilianzisha huko mradi wa pamba hai, ambao baadaye ukawa bioRe Tanzania, wenye makao katika kijiji cha Mwamishali. Baadaye Tanzania ilikuja kutajwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa pamba hai duniani.

Pamba huitwa hai inapolimwa bila mbolea za viwandani, bila viuatilifu vya kemikali na bila mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Shamba lililokuwa likipuliziwa dawa halikubaliwi papo hapo. Hupita kipindi cha mpito cha miaka 2 hadi 3, huku mkaguzi akilitembelea na kumbukumbu za mkulima zikihifadhiwa. Kati ya shamba hilo na la jirani anayepulizia dawa huachwa ukanda wa kinga, maana upepo haujui mpaka.

Kazi ya msimu huanza na udongo. Samadi ya zizini husambazwa kabla ya kulima, jambo linalowezekana kwa urahisi Usukumani kwa kuwa kaya nyingi zina ng'ombe. Pamba hairudishwi shamba lile lile mwaka hadi mwaka. Hupokezana na mtama, mahindi, choroko au dengu. Jamii ya kunde huongeza naitrojeni ardhini, na mabadiliko ya mazao huwanyima wadudu chakula walichokizoea.

Mbegu hupandwa mvua zinapoanza kunyesha kwa uhakika, kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba. Mbegu hizo hazipakwi dawa, hivyo mkulima huweka kadhaa kwenye kila shimo, kisha hupunguza miche na kuacha 1 au 2. Palizi ya kwanza haisubiri: mche wa pamba hukua polepole wiki za mwanzo na hushindwa haraka na magugu.

Adui mkubwa ni funza wa vitumba. Nondo wake hutaga mayai kwenye machipukizi, na funza akishatoboa kitumba na kuingia ndani, dawa ya mimea haimfikii. Kwa hiyo mkulima hukagua shamba mara kwa mara, akigeuza majani na kufungua maua. Njia inayotumika sana Meatu ni kupanda mistari ya alizeti kati ya pamba. Alizeti huwavuta nondo watage mayai kwake, na pia huwavutia sisimizi na wadudu wengine rafiki wanaokula mayai hayo. Wadudu wakizidi, hupuliziwa maji ya mwarobaini au utupa.

Mavuno huanza mwezi wa Mei au Juni na kuendelea hadi Agosti. Vitumba havipasuki kwa pamoja, hivyo shamba hurudiwa mara kadhaa. Wachumaji hungoja umande ukauke, kwa sababu pamba yenye unyevu huvunda ikirundikwa. Vidole huingizwa katikati ya ncha kali za ganda na kuvuta pamba yote kwa pamoja bila kubeba majani makavu. Pamba nyeupe, iitwayo safi, hutengwa na iliyotiwa madoa na wadudu waitwao kangambili, iitwayo fifi. Uchambuzi hukamilishwa juu ya chanja, na mzigo hufungwa katika magunia ya kitambaa, kwani nyuzi za viroba vya plastiki zikichanganyika na pamba huharibu vitambaa kiwandani.

Kwenye kinu cha kutenganisha nyuzi na mbegu, mitambo husafishwa kwanza ili pamba hai isichanganyike na ya kawaida. Takriban theluthi moja ya uzito hutoka kama nyuzi. Sehemu kubwa inayobaki ni mbegu, ambazo hukamuliwa mafuta na kutoa mashudu ya mifugo. Shambani, mabua yote hung'olewa na kuchomwa kufikia katikati ya Septemba, kama kanuni zinavyotaka, ili wadudu wasivuke hadi msimu mpya.

Pamba hai hudai mikono mingi, na katika miaka ya mpito mavuno yanaweza kushuka. Faida yake ni gharama ndogo za pembejeo, udongo unaodumu na nyongeza juu ya bei ya soko. Nyongeza hiyo isipolipwa kwa wakati, mkulima hana sababu ya kutosha ya kubaki katika kilimo hai.