Mbwa na Kiunzi: Somo kwa Askari

Ni nadra kumpata polisi nchini Uganda asiyelijua jina la John Akii-Bua. Mwezi wa Septemba mwaka 1972, katika Michezo ya Olimpiki mjini Munich, polisi huyo alizikimbia mita 400 za viunzi kwa sekunde 47.82, akaiwekea dunia rekodi mpya na kuipatia Uganda nishani yake ya kwanza ya dhahabu. Mazoezini alikuwa akivaa fulana yenye uzito na kuruka viunzi vilivyozidi kimo cha mashindano.

Kimo cha kiunzi cha mita 400 kwa wanaume ni futi 3. Katika majaribio ya mbwa wa kazi nchini Uingereza, mbwa naye hutakiwa kuruka kiunzi cha futi 3, kisha upana wa futi 9, na mwisho kuparamia ukuta wa mbao wa futi 6. Lakini kuna tofauti kubwa. Akii-Bua alijichagulia mzigo wake mwenyewe. Mbwa huchaguliwa na askari anayemshika.

Watu wanaotazama gwaride hushangilia mbwa arukapo, wakadhani ni mchezo tu. Askari wa zamu anajua zaidi. Mwizi anayekimbia usiku katika vichochoro vya Katwe au Kisenyi hafuati barabara; hupita uani, huvuka mitaro, huruka kuta. Mbwa asiyeweza kuruka hukomea hapo, na mwizi akaenda zake.

Basi mbwa hufundishwaje? Kwanza fito hulazwa chini kabisa, juu ya majani au mchanga, wala si juu ya lami. Askari hutembea na mbwa wake kwa kamba iliyolegea, nao huivuka pamoja. Mbwa anapoinua miguu, askari hutamka neno moja tu, “Ruka!”, na mara tu atuapo humsifu na kumpa kipande cha nyama au mpira wake. Sifa ikichelewa, mbwa hajui anasifiwa kwa lipi. Baada ya siku kadhaa fito huinuliwa vidole viwili au vitatu, na iwekwe kwa namna ya kuanguka ikiguswa, isije ikamvunja mguu. Zoezi la dakika kumi latosha, nalo lifungwe kwa mruko aliouweza. Akikataa, asivutwe wala asipigwe: fito na ishushwe.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Methali hii ni ya kweli katika kumfundisha mtoto wa mbwa kukaa, kuja na kutulia. Katika kuruka, hata hivyo, inaweza kumwumiza. Mifupa ya mbwa wa jamii kubwa haijakomaa kabla ya mwezi wa kumi na mbili, na kwa wengine hata wa kumi na minane. Naye atuapo, uzito wake wote huangukia miguu ya mbele. Viunzi virefu na vingoje. Tena mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hupoa zaidi kwa kuhema. Kwa hiyo katika jua la Kampala mazoezi yafanywe alfajiri au jioni, kabla ya chakula, kwa maana tumbo lililoshiba laweza kujipinda na kumwua.

Tumepata kuwaona askari wenye haraka wakimburura mbwa juu ya kiunzi ili aonekane hodari mbele ya wakubwa. Siku ile huruka. Lakini huanza kumtazama askari wake badala ya kukitazama kiunzi, na anayeruka kwa hofu hutua vibaya. Usiku wa kazi ukifika, husimama mbele ya ukuta akatetemeka, wala kelele hazimsaidii.

Hapo ndipo ulipo msingi wa jambo lenyewe. Kuta nyingi za Kampala zimepandwa vipande vya chupa juu yake, au zimezungushiwa seng’enge. Na ng’ambo yake huenda pana shimo. Mbwa hana habari ya hayo. Anaposikia “Ruka!” huruka kwa kuwa kila siku neno hilo lilimpeleka mahali salama. Ni juu ya askari kumulika kwanza, kupapasa juu ya ukuta, na kuchungulia upande wa pili kabla ya kulitamka. Ikiwa hawezi kuona, bora mwizi akimbie usiku huo kuliko kumpoteza mwenzake wa zamu.

Ndugu askari, nasi sote tumepata kupewa amri ya kuruka pasipo kuuona upande wa pili. Tunamkumbuka kwa heshima mkubwa aliyetangulia kuchungulia kwa niaba yetu. Mbwa wako naye anastahili mkubwa wa namna hiyo.