Shamba la Bonde Hukaguliwa Mara Mbili

Ukitokea Mikumi kwenda Ifakara, ukishavuka Mto Ruaha pale Kidatu, milima ya Udzungwa inakuwa ubavuni mwako, upande wa kulia, mpaka mwisho wa safari. Unapita miwa, unapita Mang'ula na Kiberege, kisha bonde linafunguka. Mwezi wa Septemba bonde hilo ni kavu. Udongo mweusi umepasuka na mabua ya mpunga yameliwa na ng'ombe. Dalali akikusimamisha hapo na kukunyooshea mkono kutoka mkuyu huu hadi mkuyu ule, utaona ardhi tambarare isiyo na jiwe wala kisiki, na utashangaa kwa nini mwenyewe anaiachia.

Rudi mwezi wa Aprili. Pale uliposimama pana maji ya kiunoni, na mtu anapita na mtumbwi.

Kwa anayetaka kununua ekari tano katika bonde hili la Kilombero, na hata zaidi kwa anayetaka kuziuza, hili ndilo jambo la kwanza kulijua. Bei ya shamba la bonde hutajwa kiangazi, lakini thamani yake huonekana masika. Mashamba mengi siku hizi yanabadilisha mikono yakiwa yamekaguliwa msimu mmoja tu.

Bonde hili si mbuga ya kawaida. Mito inayoshuka Udzungwa na ile inayotoka upande wa Mahenge huingia Mto Kilombero, na masika mto hutanda nje ya kingo zake. Mwaka 2002 eneo la karibu kilomita za mraba 8,000 liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Maji hayo hayo yanaleta rutuba, kambale na perege, na ndiyo yanayofanya mpunga wa Ifakara uulizwe kwa jina hadi masoko ya Dar es Salaam. Pia ndiyo yanayobomoa nyumba ya mtu aliyejenga bila kuuliza.

Wandamba, ambao ni wenyeji wa bonde, walijua kuishi na maji haya kwa kuhama nayo. Wakati wa kuvua walikwenda mtoni, wakati wa kulima wakawa shambani. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwaweka watu kando ya barabara, karibu na shule na zahanati, na katika miaka hiyo hiyo reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ikavuta makazi kuelekea stesheni za Ifakara na Mlimba. Mashamba yalibaki kule kule mbugani. Ndiyo maana hadi leo kaya nyingi zina nyumba mbili: ya tofali na bati kijijini, na dungu la miti na nyasi shambani, lililoinuliwa juu ya maji. Mpunga unapoanza kutoa masuke, mama na baadhi ya watoto huhamia dunguni kuulinda dhidi ya ndege na nguruwe pori. Anayepima maisha ya kijiji kwa kuhesabu nyumba za bati amehesabu nusu tu ya makazi.

Bei ya ardhi imepanda, na sababu zake zinaonekana kwa macho. Kwa miaka mingi, kwenda Lupiro na Mahenge kulimaanisha kusubiri pantoni pale Kivukoni. Januari 2016 kivuko hicho kilipinduka mtoni. Mwaka 2018 likazinduliwa rasmi daraja la mita 384, Daraja la Magufuli, na lori la mpunga likaacha kupanga foleni kusubiri maji yatulie. Mwaka huo huo ujenzi wa lami ya Kidatu hadi Ifakara, kama kilomita 67, nao ukazinduliwa. Kila kipande cha lami kilichoongezeka kilisukuma viwanja mbele yake. Maeneo ya pembeni mwa Ifakara yaliyokuwa mashamba ya mihogo yanakatwa viwanja, na mwalimu, muuguzi na mfanyabiashara wa mpunga wote wanataka chao.

Lami imeleta unafuu wa kweli. Mgonjwa anafika Hospitali ya Mtakatifu Francis mapema zaidi, na mkulima hapati tena mnunuzi mmoja tu anayekuja na lumbesa yake na bei yake. Lakini lami pia imeleta mnunuzi wa ardhi, ambaye ana fedha taslimu katika mwezi ambao mkulima hana kitu. Ni Januari, ada zinadaiwa, mbegu haijanunuliwa, na mpunga wa mwaka jana umeshaisha ghalani. Ardhi nyingi haiuzwi kwa sababu mwenyewe ameamua kuuza. Inauzwa kwa sababu ya Januari.

Chukua mfano wa kaya yenye ekari sita mbugani. Baba akiuza tatu, fedha zinalipa deni, zinapandisha bati na kununua pikipiki. Baada ya misimu miwili pikipiki imechakaa, na kijana wa nyumba hiyo anakwenda kukodi ekari kwa msimu, pengine zile zile alizolimia utotoni. Aliyekuwa mwenye shamba amekuwa mpangaji, na kodi anailipa kabla hajajua kama mvua zitanyesha vizuri.

Sheria haikukaa kimya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, na inampa mwanakijiji haki ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Sheria hiyo inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, na inataka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba liwe na wanawake wasiopungua watatu. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kilombero, Ulanga na Malinyi zilichaguliwa kuwa wilaya za kuanzia katika programu kubwa ya upimaji wa ardhi za vijiji iliyoanza 2016 kwa msaada wa Uingereza, Sweden na Denmark. Wapimaji walipita kitongoji kwa kitongoji, majirani wakisimama mpakani na kukubaliana mbele ya wajumbe, na wanawake wengi wakaandikwa majina kwenye hati pamoja na waume zao au peke yao.

Hati hizo ni hatua kubwa, na anayezibeza hajawahi kuona ndugu wakigombea mpaka. Hata hivyo, hati ni uzio, haizuii mlango kufunguliwa kwa ndani. Mwenye hati anaweza kuuza kama asiye nayo. Halmashauri ya kijiji inapaswa kuridhia uhamisho huo, na muhtasari wa kikao unapaswa kuwepo. Mauzo yanayofanyika usiku, kwa karatasi ya daftari na saini ya shahidi mmoja, ndiyo yanayojaza mabaraza kesi.

Kuna mpaka mwingine ambao dalali hautaji. Mwaka 2023 Pori Tengefu la Kilombero lilipandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba. Serikali ina sababu nzito, kwa kuwa zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji hutoka bonde hili, na Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 linayategemea. Kwa mnunuzi maana yake ni moja: shamba linaloonekana la bei rahisi kule karibu na mto huenda liko ndani ya hifadhi, na hapo hakuna kijiji kinachoweza kukuuzia kihalali. Ramani ya mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji iko ofisi ya mtendaji. Iombe kabla ya kutoa hata shilingi ya kwanza.

Mashamba makubwa nayo hayajapata njia rahisi. Shamba la Mngeta, hekta 5,818 za mpunga, lilianzishwa miaka ya 1980 kwa ubia wa Tanzania na Korea Kaskazini. Baadaye lilipewa mwekezaji mwingine mwenye mitambo na ghala, naye akaelemewa na madeni. Mtaji peke yake haukulitawala bonde.

Vipande vidogo mno navyo vina hatari yake. Huko Java, kisiwa cha Indonesia chenye mashamba ya mpunga kuanzia pwani hadi mabega ya milima ya volkano, wakulima wengi leo wanalima chini ya nusu hekta. Vizazi vimegawana na kugawana. Kilombero bado ina nafasi ya kuepuka hali hiyo, lakini nafasi hiyo inapungua kila Januari.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kununua, usinunue mwaka wa kwanza. Kodi ekari mbili kwa msimu mmoja. Panda SARO 5, mbegu iliyofanyiwa kazi hapa hapa Ifakara, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha KATRIN, au supa kama unataka harufu. Lala dunguni hata wiki mbili. Mwombe jirani akuonyeshe alama ya maji kwenye shina la mwembe. Mwezi wa Mei utakuwa unajua unachonunua, na kijiji kitakuwa kinamjua anayenunua.

Nawe ndugu yangu unayetaka kuuza, kodisha kabla ya kuuza. Andikishaneni mbele ya mtendaji, mke na watoto wakubwa wakiwepo, muda wa kodi utajwe na mwisho wake utajwe. Dungu likibebwa na maji, familia hukata miti mingine na kulisimika tena msimu ujao. Linasimikwa tena kwa sababu shamba lililo chini yake bado ni lao.