Kahawa Tungu Haitaki Sukari, Yataka Mwenza

Aibu niliyoipata kwa finjani moja ya kahawa sijaisahau hata leo. Nilikuwa kijana wa miaka 16, na nyumbani kwetu, Mji wa Kale, Mombasa, walikuja wazee kumposa dada yangu. Mama aliandaa halua, mimi nikapewa kazi ya kupika kahawa. Kwa kutaka kuwafurahisha wageni, nikaitia sukari tele.

Ami yake mposaji alipiga funda moja, akaitua finjani. Akanitazama kwa upole, akasema, "Mwanangu, halua tamu na kahawa tamu; sasa ipi itamfaa mwenziwe?" Wazee wakacheka. Baba hakucheka.

Posa haikuvunjika, alhamdulillahi, lakini kesho yake Baba alinipeleka kwa mzee mmoja muuza kahawa wa mtaani kwetu, nikae naye nijifunze.

Kwanza alinifundisha kutazama na kunusa. Buni hukaangwa mpaka ikolee rangi, lakini isiungue, kwani ikiungua kahawa huwa na ladha ya majivu. Kisha hutwangwa, ikachemshwa ndani ya dele juu ya makaa pamoja na tangawizi kavu iliyopondwa. Wengine huongeza iliki. Huachwa kidogo mashapo yatue, ndipo ikamiminwa. Uchungu wake wapaswa kuushika ulimi kisha uondoke. Ukiganda kooni, jua mpishi amekosea.

"Kahawa hii," akaniambia, "haipewi sukari, hupewa mwenza." Halua imejaa samli na sukari, na ukiila peke yake hukinaisha upesi. Funda la kahawa ya moto yenye tangawizi huuosha ulimi, na kipande cha pili kikawa kitamu kama cha kwanza. Tende ina utamu usio na mafuta. Hiyo huchukuana zaidi na kahawa ya iliki, tangawizi ikiwa kidogo. Kashata ya njugu ni kavu: itafune kwanza, kisha piga funda, na ule moto utaitoa harufu ya njugu. Mahamri aliyakataa katakata. Hayo na mbaazi zake, alisema, ni ya chai. Na baada ya pilau ya nyama, finjani moja tupu yatosha kukata mafuta.

Kinywaji hiki kina nasaba yake. Mbuni asili yake ni Uhabeshi, lakini kahawa ilipata jina Yemen, ambako katika karne ya 15 masufi waliinywa ili wakeshe katika dhikri. Neno lenyewe, qahwa, katika Kiarabu cha kale lilikuwa pia jina la mvinyo. Mwaka 1511 gavana wa Makka, Kha'ir Beg, aliipiga marufuku, lakini marufuku hiyo haikudumu. Basi jina lililokuwa la kileo likawa la kinywaji cha kuwaweka macho wacha Mungu.

Siku hizi katika nyumba nyingi mgeni huletewa halua na soda baridi, utamu juu ya utamu. Binti yangu alipoposwa mwaka jana, nilimkuta kijana wetu mmoja mlangoni amebeba chupa za soda. Nikamrudisha jikoni, nikakaanga buni mwenyewe naye akitazama.

Mzee mmoja katika wale wageni alipiga funda la kwanza, akamega halua, kisha akainyosha finjani yake iongezwe, pasi na kusema neno. Nami nikamkumbuka yule muuza kahawa, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyenifunza kwamba mgeni hukirimiwa kwa kipimo, si kwa wingi wa sukari.